Maswali ya Wapiga Gitaa: Kantri na Bluzi Kwenye Mkono Mmoja

Toleo lililopita tuliandika kuhusu Highway Call, albamu ya mwaka 1974 ambayo Dickey Betts, mpiga gitaa wa The Allman Brothers Band ya kusini mwa Marekani, aliirekodi kando ya kundi lake akichanganya kantri na bluzi. Barua nyingi zimetoka mikoa ya Mtwara na Lindi, na karibu zote zinauliza mambo ya mkono: freti ipi (vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa), waya gani, kifaa kipi. Zimejibiwa hapa zile zinazowagusa wengi. Pale ilipowezekana tumetumia solfa, kwa kuwa wengi wenu mmejitambulisha kuwa watu wa kwaya.

*Wahariri, salaam. Kama kundi lake lilikuwa halijavunjika na muziki wake ulikuwa unauzika, kwa nini Betts alitoka kando? Na mbona kwenye jalada ameandikwa Richard?*
Mfanyakazi wa bandarini, Mtwara

Kundi lilikuwa hai kabisa. Agosti 1973 lilitoa Brothers and Sisters, na wimbo wa Betts uliomo humo, Ramblin' Man, ulipanda hadi nafasi ya 2 kwenye chati ya Marekani. Wimbo huo tayari ulikuwa na harufu ya kantri. Lakini kundi lile lilikuwa na wapiga ngoma wawili, ogani na ampu (vikuza sauti) zenye nguvu. Fidla ikiingia humo inamezwa. Alichohitaji ni wanamuziki wa aina nyingine. Alimwita Vassar Clements, mpiga fidla aliyewahi kupiga na Bill Monroe, gwiji wa kantri, na John Hughey wa gitaa la stili la pedali, lile linalopigwa likiwa limelazwa. Chuck Leavell, mpiga piano wa kundi, akaja naye. Wala hakuwa peke yake: mwimbaji wao, Gregg Allman, naye alitoa albamu yake mwenyewe mwaka 1973. Richard ni jina lake la kuzaliwa, Forrest Richard Betts.

Albamu ilirekodiwa Macon, Georgia, chini ya lebo (kampuni ya rekodi) ya Capricorn. Ina vipande 6: upande wa kwanza una nyimbo 4 za kuimbwa, upande wa pili una vipande 2 vya ala tupu, kimoja chenye takriban dakika 14. Mpiga gitaa aanze na upande wa pili. Huko ndiko unakosikia wazi nani anamjibu nani, na gitaa linanyamaza lini.

*Napiga solo kwenye bendi. Nikipiga bluzi natumia boksi ya freti ya 5, ufunguo wa A. Nikitaka kantri natumia do re mi so la, lakini inatoka kama wimbo wa watoto wa shule. Nakosea wapi?*
Mwalimu, Masasi

Mwalimu, sikiliza noti ya tatu. Bluzi inakaa kwenye ma, yaani mi iliyoshushwa nusu hatua. Kantri inakaa kwenye mi yenyewe. Betts anazipitia zote mbili, na anayeamua ipi itumike ni kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) inayopigwa na bendi wakati huo.

Boksi yako, yaani umbo la vidole linaloanzia freti ya 5, ina do, ma, fa, so na ta (ti iliyoshushwa nusu hatua). Skeli (ngazi ya noti) ya kantri unaipata kwa umbo lilelile la vidole ukirudisha mkono freti 3 nyuma, ukaanzia freti ya 2. Wengi huishia hapo, na ndipo wimbo wa shule unapotokea, kwa sababu noti zote 5 zinakubaliana na hakuna inayovutana na mwenzake. Fanya hivi. Waya ya 3 (tunahesabu kuanzia ile nyembamba), freti ya 5, ni C, ambayo ndiyo ma. Freti ya 6 kwenye waya hiyohiyo ni C#, mi. Piga freti ya 5 kwa kidole cha shahada, kisha bila kupiga tena kwa mkono wa kulia gonga freti ya 6 kwa kidole cha kati, halafu malizia waya ya 4 freti ya 7, ambayo ni do. Noti 3 tu, na tayari bluzi na kantri zimeingia zote. Ukichelewa kugonga, ma inasikika kama noti uliyoikosea. Ukiwahi mno, haisikiki kabisa. Iwe fupi, ila sikio liikamate.

Hiyo ni juu ya kodi ya A. Bendi ikihamia D mambo yanageuka. Mpiga kinanda akibonyeza D7, ndani yake kuna C, na ile C# yako itagombana nayo nusu hatua. Hapo rudi kwenye ma, au bora zaidi tua kwenye F#, waya ya 2 freti ya 7: hiyo ni la ya A, lakini kwa kodi ya D ndiyo noti ya tatu. Bendi ikienda E, tua G#, waya ya 4 freti ya 6. Kila kodi ina mi yake, na mpiga kantri mzuri anaifuata kokote iendako.

Zoezi: rekodi kwenye simu baa 12 (kila baa ni mapigo 4), A baa 4, D baa 2, A baa 2, E baa 1, D baa 1, A baa 2, mwendo wa mapigo 90 kwa dakika. Wiki nzima ya kwanza piga noti moja tu kila kodi inapobadilika: C#, F#, G#. Kosa utakalolikuta ni kuchelewa, kwa sababu utakuwa unasubiri kuisikia kodi ndipo uhame. Mkono uanze kuhama pigo la 4 la baa iliyotangulia, ili pigo la 1 likukute umeshafika. Hilo likikaa, wiki ya pili ongeza kule kugonga kutoka C kwenda C# kwenye baa za A peke yake. Skeli nzima isubiri wiki ya tatu.

*Nataka kupiga slaidi, kule kutelezesha bomba la kidoleni juu ya waya. Kuna mtu ameniambia nivunje shingo ya chupa. Ni salama? Na gitaa langu ni la bei nafuu, nikikaza waya linapinda shingo.*
Kijana wa Lindi mjini

Acha kuvunja chupa. Shingo ya chupa iliyovunjwa bila kifaa cha kukatia kioo ina ncha zisizoonekana, na kidole chako kitakuwa ndani yake. Ni kweli kwamba Duane Allman, mwenzake Betts aliyefariki Oktoba 1971, alitumia kichupa cha dawa ya mafua, lakini kile kilikuwa kizima, kina ubavu ulionyooka, na alikivaa kidole cha pete.

Nenda kwa fundi bomba umwombe kipande cha bomba la chuma la nusu inchi, urefu milimita 60 hadi 65. Ndani yake kuna kama milimita 16, kidole cha wengi kinaingia. Kikiwa kinapwaya, gundisha ndani utepe wa kitambaa. Toa ncha pande zote mbili kwa tupa, kisha piga msasa namba 120, 240, halafu 400, ukizungusha bomba badala ya kusugua kwa urefu. Bomba lililopakwa zinki lina vinundu vidogo, na kila kinundu kitasikika kama mchakacho kwenye waya. Sugua mpaka ukipitisha ukucha usikwame. Ukipata bomba la stenlesi, kazi inapungua nusu.

Kuhusu shingo ya gitaa, wapiga slaidi wengi hutyuni E wazi, yaani waya zikipigwa bila kubonyezwa zinatoa kodi ya E, ambayo inapandisha waya 3 na kuongeza mvuto. Gitaa lako halitaki hivyo. Tumia D wazi: kuanzia waya ya 6 kwenda ya 1, D, A, D, F#, A, D. Waya ya 5 na ya 4 hazibadiliki, nyingine 4 zote zinalegezwa, kwa hiyo shingo inapumzika. Ukitaka kupiga na wenzako walio E, weka kapo (kibano cha kubana waya zote) freti ya 2. Funga seti ya 011 au 012 (unene wa waya ya 1 kwa sehemu za elfu za inchi), maana waya nyembamba ikilegezwa inagonga freti. Kimo cha waya ya 6 juu ya freti ya 12 kiwe milimita 2.5 hadi 3.

Slaidi ikae juu kabisa ya chuma cha freti, siyo katikati ya freti mbili kama kidole. Hili ndilo linalowaangusha wengi: sauti inakuwa chini kidogo, wanadhani gitaa halikutyuniwa, wanakaza waya, halafu kodi zote zinaharibika. Vidole vilivyo nyuma ya slaidi viguse waya kwa wepesi, la sivyo ule upande wa nyuma nao unalia. Usibonyeze; uzito wa chuma unatosha.

*Je, ile sauti ya stili inayopanda polepole kama mtu anayelia, gitaa la kawaida linaweza kuitoa?*
Mpiga gitaa, Nachingwea

Linaweza kuikaribia. Kwenye stili, pedali inapandisha waya moja huku nyingine zikitulia. Wewe utafanya hivyo kwa vidole. Ufunguo wa D: waya ya 3 freti ya 9 kidole cha kati, waya ya 2 freti ya 10 kidole cha pete, waya ya 1 freti ya 10 kidole kidogo. Kidole cha shahada kikae nyuma ya cha kati, freti ya 8, kukipa nguvu. Piga zote 3, kisha sukuma waya ya 3 kuelekea waya ya 4 mpaka E igeuke F#. Nyingine mbili zisisogee hata kidogo.

Kabla ya kusukuma, piga freti ya 11 ya waya ya 3 ili usikie F# sahihi. Ukifika chini ya hapo, kodi nzima inasikika chafu. Kama gitaa lako lina daraja linaloelea kwa springi, ukisukuma waya moja nyingine zinashuka zenyewe, na hapo hakuna mazoezi yatakayokusaidia. Fungua kifuniko cha nyuma, kaza springi mpaka daraja lilale kwenye mwili wa gitaa, au ziba nafasi kwa kipande cha mbao. Gitaa lisilo la umeme huwa na waya ya 3 iliyosokotwa, na hiyo haisukumiki hatua nzima kirahisi. Weka mahali pake waya isiyosokotwa ya 020. Mwisho, punguza sauti kwa kitufe cha gitaa kabla ya kupiga, kisha kifungue kwa kidole kidogo cha mkono wa kulia wakati noti inapanda. Ule mwanzo mkali wa kucha unapotea, na hapo sauti inalainika.

*Waya zangu hazimalizi mwezi, zinakuwa nyekundu. Rafiki yangu ananishauri mafuta ya nazi.*
Mikindani

*Gitaa langu lilikuwa zima Mtwara mjini. Nimehamia Newala, kiangazi kimeingia, ncha za freti zinanikwaruza mkono.*
Newala

Barua mbili, chanzo kimoja: hewa. Wa Mikindani, chumvi ya bahari ikichanganyika na jasho la vidole inakula chuma usiku kucha gitaa likiwa ukutani. Mafuta ya nazi usiyatumie. Yananata, yanashika vumbi, na baada ya siku chache waya inakufa sauti. Kila ukimaliza kupiga, pitisha kitambaa kikavu cha pamba juu ya waya na, muhimu zaidi, chini yake, ambako jasho hubaki. Halafu gitaa liingie kwenye begi lake pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu na redio. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kitambaa linaruhusiwa mara moja kwa wiki, kwenye waya tu. Freti zenye kutu zisugue kwa sufi ya chuma iliyo laini kabisa, ila kwanza funika pikapu (kile kifaa chenye sumaku kinachonasa sauti chini ya waya) kwa utepe wa karatasi. Vumbi la sufi ile linanaswa na sumaku, na halitoki kirahisi.

Wa Newala, ubao wa shingo umekauka na kusinyaa, chuma cha freti hakikusinyaa, kwa hiyo kimetokeza. Usikimbilie tupa. Weka kipande cha sponji chenye maji, kilichokamuliwa vizuri, ndani ya kisahani cha sabuni chenye matundu, ukiweke kwenye begi la gitaa karibu na kichwa, begi lifungwe. Angalia baada ya wiki 2. Unyevu unaotakiwa ni asilimia 45 hadi 55. Ncha zitakazobaki zimetokeza baada ya hapo ndizo za kupigwa tupa. Mvua zikianza, ondoa sponji, maana ubao utavimba wenyewe.

*Mchongaji wa vinyago ameniambia anaweza kunitengenezea kwa mpingo kile kipande cheupe kilicho kati ya kichwa cha gitaa na freti ya kwanza. Nimwache atengeneze?*
Mtwara

Mwache atengeneze, ilimradi ubao uwe mkavu. Mpingo ni mzito hata unazama majini, unatumika duniani kote kwa zumari za kilarineti na oboe, na kwa kazi hii unashinda plastiki laini. Tatizo lake ni kukauka polepole na kupasuka kwenye ncha. Chukua kipande kutoka katikati ya gogo la zamani, siyo tawi la juzi. Mpelekee kile cha plastiki kama kipimo, upana wake huwa milimita 42 au 43. Mifereji ya waya ipanuke kuliko waya kwa unywele tu. Ikibana, waya inakwama na gitaa linapoteza tyuni kila ukisukuma. Kupima kina: bonyeza waya freti ya 3, tazama juu ya freti ya 1, pabaki nafasi ya karatasi moja. Mifereji ikizidi kina, waya itavuma ikiwa wazi, na kipande hakifai tena. Vumbi la mpingo linawasha pua na ngozi, avae barakoa.

*Tunataka kuweka ngoma ya kwetu chini ya gitaa la bluzi. Itakaa?*
Tandahimba

Hesabu kwanza. Bluzi ya mwendo wa kusukasuka inagawa kila pigo katika 3. Kama ngoma yenu nayo inagawa pigo katika 3, zitashikana bila kulazimishwa. Ngoma kubwa ipige pigo la 1 na la 3, besi iifuate. Kantri ya mwendo wa haraka inagawa katika 2, na hapo mpiga ngoma na mpiga gitaa watavutana wimbo mzima. Kwa nyimbo hizo, ngoma ipumzike, piga makofi.

*Tupo watano: solo, ridhimu, besi, ngoma na mwimbaji. Tuna laptopu, saundikadi (kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta) ya matundu 2 na maiki 2. Chumba kina bati. Tunaweza kurekodi nyimbo 6 za aina hii?*
Bendi ya vijana, Ruangwa

Mnaweza. Matundu 2 yanamaanisha mtarekodi kwa zamu, na zamu hizo zina mpangilio wake. Kwanza gitaa la ridhimu na sauti ya mwimbaji kwa pamoja, wakisikiliza metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo), kama mwongozo utakaofutwa baadaye. Kisha ngoma kwa maiki zote 2, halafu besi moja kwa moja kwenye saundikadi, ridhimu, solo, na mwimbaji mwishoni. Mkianza na metronomu bila mwongozo, mpiga ngoma hajui ubeti unaishia wapi na anapiga kila sehemu kwa nguvu moja.

Kwenye ngoma, maiki moja iwe mita 1 juu ya snea (ile ngoma ndogo yenye mchakacho), nyingine mbele ya ngoma kubwa. Sikilizeni zote mbili pamoja. Kama ngoma kubwa inakonda mnapoziunganisha, geuzeni ishara ya maiki moja kwenye programu, ile alama ya duara lenye mstari. Mawimbi yalikuwa yanafutana. Rekodini kwa biti 24, vilele vya sauti viishie karibu na dB -12 kwenye kipimo cha programu. Sauti ikigonga juu ikakatika, haitengenezeki.

Bati linarudisha sauti. Egemezeni magodoro 2 ukutani nyuma ya anayepiga, tandazeni mikeka na mablanketi sakafuni, zimeni feni. Mkisikia mvumo mzito wa chini, chomoeni chaja ya laptopu mrekodi kwa betri, kisha mpiga solo ajizungushe taratibu alipokaa mpaka mvumo ushuke. Taa za tyubu na chaja za simu nazo zizimwe. Kama mnatumia jenereta, liwe mbali na upande wa pili wa jengo.

Maiki ya ampu iwe sentimita 5 kutoka kwenye kitambaa, katikati ya kitovu cha spika na ukingo wake. Na hapa bendi nyingi za roki huiharibu kantri: mkwaruzo mwingi. Noti mbili zikipita pamoja kwenye ampu iliyozidishiwa gain (kitufe cha kuzidisha nguvu ya sauti inapoingia), zinazaa noti nyingine ambazo hazimo kwenye kodi, na ule mseto wa waya 3 tuliomweleza wa Nachingwea unageuka matope. Punguzeni gain mpaka noti ikipigwa kwa nguvu ikwaruze kidogo, na ikipigwa taratibu ibaki safi.

Sasa mpangilio, ambao mimi ningeutumia muda mwingi kuliko vifaa. Mwimbaji anapoimba, ala moja tu iruhusiwe kumjibu, na ijibu pale anapovuta pumzi. Ubeti wa 1 ajibu solo, ubeti wa 2 ridhimu kwa noti mojamoja, ubeti wa 3 asijibu mtu. Andikeni zamu hizo kwenye karatasi na kuibandika ukutani kabla ya kuwasha laptopu, kwa sababu mtu akisharekodi kipande chake kizuri hakubali kifutwe. Kwenye kuchanganya, besi na ngoma kubwa zikae katikati, ridhimu upande mmoja, solo upande mwingine. Kisha sikilizeni kwenye spika ya simu. Ikiwa besi imepotea kabisa, ongezeni sauti zake za kati badala ya za chini, maana spika ndogo haziwezi za chini. Umeme ukikatika katikati ya kazi, faili iliyo wazi inaweza kuharibika, kwa hiyo hifadhini kila baada ya kipande, na mwisho wa siku nakala iende kwenye flashi 2, moja ikalale nyumba nyingine.